Chumba cha Upande wa Migomba

Same, 10 Septemba 2023

Mume wangu Idrisa,

Assalamu alaikum. Najua utacheka ukiona barua, maana namba yangu unayo na vocha ipo. Lakini wewe na mimi kwenye simu hatuongei. Unaniuliza nimekula, nasema nimekula. Nakuuliza huko baridi, unasema baridi. Halafu tunabaki tunasikilizana pumzi mpaka mmoja aseme mtandao mbaya. Jana ulipokata nilikaa na simu mkononi nikawaza, huyu si ndiye niliyekuwa nacheka naye mpaka majirani wanagonga ukuta? Tumefikaje hapa?

Kwa hiyo naandika. Lukasi, dereva wa basi la Bombo, amekubali kubeba barua zetu, na ameapa atakupa mkononi mwako mwenyewe.

Nyumbani hakuna jipya. Wanafunzi wangu wa darasa la pili wana vumbi mpaka kwenye kope, upepo wa Same mwezi huu unaujua. Shangazi Mwanaidi anapita kila jioni akitoka kuuza ndizi sokoni, ananiachia kichane na kunikagua uso kama nimelia. Silii sana siku hizi.

Ulisema mnajenga ofisi ya kijiji. Nieleze habari zake. Niandikie kama unamwandikia mtu uliyemkumbuka.

Mkeo,
Salha


Juu ya Bombo, 24 Septemba 2023

Salha wangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya rundo la mchanga, nikairudia tena. Mafundi wakaniuliza, "Injinia, kuna msiba?" Nikawaambia hapana, ni mke wangu. Walicheka mpaka wakaangusha koleo.

Huku asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya stoo. Fundi anamwita mwenzake aliye upande wa pili wa msingi na hamwoni. Nimepewa chumba kwa Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na mzee wa kanisa. Mkewe, Mama Agatha, ananipikia makande, na siku akitaka kunipa nyama anaagiza bondeni, Maore, kwa Waislamu ili nile bila wasiwasi. Ni watu wa heshima sana.

Kazi ni ngumu. Fuso la saruji halifiki, linaishia kwenye kona ya chini, na mifuko inapandishwa vichwani. Mawe na mchanga wanatoa wanakijiji wenyewe, ndiyo makubaliano na mfadhili. Wana msaragambo wao: baragumu inapigwa alfajiri na kila nyumba inatoa mtu. Mwanzoni walikuja wengi, wanawake wakiimba na mawe kichwani, nikasema jengo hili litasimama kabla ya mvua. Sasa wamepungua. Juzi walikuja wanaume wachache na mama mmoja anaitwa Elinaza. Akatua jiwe lake, akaniangalia, akaondoka. Mzee Nathanaeli anasema watu wanaandaa mashamba. Mimi sidhani. Nimejenga Hedaru, nimejenga Korogwe. Watu wakichoka wanalalamika. Hawa hawasemi kitu.

Jengo lenyewe ni la kawaida, vyumba kadhaa na baraza. Halina la kusimulia.

Mumeo,
Idrisa


Same, 6 Oktoba 2023

Idrisa,

Shangazi Mwanaidi amenunua ndizi kwa mama mmoja aliyeshuka kutoka huko kwenu. Katika kuzungumza, mama akamwambia, "Kuna kijana wa Kiislamu kutoka hapa Same anatujengea wodi ya wazazi." Shangazi akaja mbio kunipongeza. Nilikuwa nasonga ugali. Nilizima jiko nikakaa chini.

Wodi ya wazazi.

Kwa nini umenificha? Ulidhani nikilisikia neno hilo nitavunjika? Au wewe ndiye unayetaka kusahau, na mimi nakukumbusha kila ukiniangalia, ndiyo maana ukaenda mbali? Kama ni hilo la pili niambie tu. Nitavumilia kuliko kukaa nikikisia.

Salha


Juu ya Bombo, 15 Oktoba 2023

Mke wangu,

Nisamehe kwa kukuficha. Ukweli ni huu.

Kampuni ilikuwa na kazi mbili. Moja ni madarasa hapo hapo Same, ningekuwa nalala nyumbani. Ya pili ni hii. Bwana Abdulmalik, mkandarasi wetu, alitandaza ramani mbili mezani akaniambia nichague. Nilipoona pameandikwa "chumba cha kujifungulia" nikaweka mkono pale kabla sijafikiri.

Tulipompoteza binti yetu Shamsa, watu walikuja kukupa pole wewe, na ilikuwa haki yako. Mimi nilitandika mikeka, nikaenda makaburini na wanaume, nikarudi, nikachemsha chai ya wageni. Kesho kutwa yake nilikuwa kazini. Sikujua uchungu wangu niuweke wapi, Salha. Nilikuwa nakuona unageuka kitandani, na mimi nimelala macho, na sikuwa na neno hata moja la kukupa. Huku kila mstari wa tofali ninaousimamia namkumbuka. Nilitaka nimfanyie kitu kwa mikono, maana kwa mdomo nimeshindwa. Nikaogopa nikikutajia nitakutonesha.

Sijataka kusahau. Wala sikukimbii.

Na sasa naona hata hili la mikono linanishinda. Jana baragumu ililia na hakuja mtu. Msingi umefika nusu. Mvua za vuli zikiukuta wazi, udongo wote wa kilimani utaingia humo. Na mfadhili akisikia wanakijiji wamejitoa, naye atajitoa.

Idrisa


Same, 21 Oktoba 2023

Idrisa wangu,

Nimelia, lakini ni kilio kingine. Nilidhani nimebeba peke yangu, kumbe ulikuwa umelala macho pembeni yangu.

Sasa na mimi nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Baada ya kujifungua nililazwa kitanda cha katikati. Kulia mama ananyonyesha, kushoto mama ananyonyesha. Wauguzi walikuwa wema kwangu, ila hawakuwa na pengine pa kuniweka. Maziwa yangu nayo yakaja. Kila mtoto wa mtu alipolia, nililowa. Ndugu zao walikuja na vyakula wakicheka, wakiniona wananyamaza, nami nikawaonea huruma kwa kuharibiwa furaha yao. Nilitamani niugeukie ukuta, lakini kitanda cha katikati hakina ukuta.

Kwenye ramani yako, mwanamke kama mimi analala wapi?

Na hao wanawake walioacha kuja, umewauliza wao wenyewe au umemwuliza Mzee Nathanaeli? Kuna mambo mwanamke hamwambii mwenyekiti. Tafuta mahali pasipo na mwenyekiti, ukae chini, uwaulize. Halafu unyamaze. Kunyamaza najua unaweza.

Nakupenda.
Salha


Juu ya Bombo, 12 Novemba 2023

Salha,

Hujanijibu. Basi halijapanda tangu mvua zianze, barabara imekatika chini ya Bombo, na najiambia labda barua yako imekwama huko. Siku nyingine najiambia hujaandika.

Kama umenikasirikia una haki. Nilichelewa kusema.

Mafundi nimewafungia turubai wajikinge, na msingi nao nimeufunika kwa migomba na mabati. Upande mmoja umejaa tope. Saruji iliyoegemezwa kwenye ukuta wa stoo imeganda, mifuko imekuwa mawe. Bwana Abdulmalik anapiga simu kila siku. Mtandao ukipatikana namwambia tunaendelea, na hatuendelei.

Leo hii nimepanda hadi kwenye mti wenye mtandao nikataka kukupigia, nikashuka. Nimeona bora niandike hata kama hakuna wa kuibeba. Ukiipata, ujue nilikuwa nakuwaza mvua inanyesha.

Idrisa


Juu ya Bombo, 3 Desemba 2023

Salha wangu,

Lukasi amepanda leo kwa mguu kutoka pale barabara ilipokatika, barua yako ameiweka kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Kumbe ulijibu siku zile zile! Nimekaa nayo nje mpaka Mama Agatha akanitoa kwenye manyunyu kama mtoto.

La kitanda cha katikati sikulijua. Nilikuja kukuona pale, nikasimama miguuni pako, na sikuona ni kitanda gani. Sasa sioni kingine.

Nimefanya ulivyosema. Nesi Eliakunda, mkunga wa zahanati, aliwaita wanawake kwenye baraza la nyumba yake, wakaja na watoto mgongoni. Nikauliza kwa nini wameacha kubeba mawe. Kimya. Nami nikanyamaza. Mwishowe Elinaza akasema, "Injinia, mlango wa hiyo wodi unatazama wapi?"

"Barabarani."

"Ng'ambo ya barabara kuna nini?"

"Kilabu cha pombe, cha dengelua."

"Haya."

Baraza zima likaangua kicheko, hata mimi nikacheka, kisha nikaona aibu. Kila mwanamke mwenye uchungu angepitishwa mbele ya wanaume wanaokunywa. Kesho yake wangeambizana nani alilia na nani alitambaa. Wengine walishaamua wataendelea kuzalia nyumbani. "Tubebe mawe ya nyumba ambayo hatutaingia?" akasema Elinaza. Ramani ile niliisimamia wiki zote hizo, na kila siku napita mbele ya kilabu.

Kisha nikawauliza swali lako, bila kutaja jina lako. Anayepoteza mtoto alale wapi? Hakuna aliyecheka. Mama Agatha alikuwepo. Akanyanyuka, akatoka nje.

Nimechora upya. Mlango unageukia upande wa juu, kwenye migomba, na mwisho wa jengo kuna chumba kidogo chenye kitanda kimoja, dirisha, na mlango wake. Mzee Nathanaeli amekubali mlango. Chumba amekataa. "Chumba cha msiba ndani ya nyumba ya kuzalia? Unatuitia mkosi, kijana wangu." Nimempelekea Bwana Abdulmalik michoro yote miwili. Nasubiri.

Usiwe na wasiwasi, mambo yatakwenda.

Idrisa


Juu ya Bombo, 9 Januari 2024

Kwako Mwalimu Salha,

Salaam nyingi. Hatujaonana. Mimi ni Eliakunda, mkunga wa huku anakojenga mumeo. Anwani nimepewa na Lukasi, na mumeo hajui kama nakuandikia.

Bila shaka amekuambia mambo yanakwenda. Hayaendi. Mkandarasi amejibu kwamba ramani haibadilishwi kwa maneno ya watu barazani, na mumeo akiendelea kusimamisha kazi ataletwa injinia mwingine. Mumeo amesema basi aletwe, yeye hatajenga wodi ya kumlaza mama aliyefiwa katikati ya wenye watoto. Tangu hapo anakaa kwenye kibanda cha stoo anachora na kufuta. Mzee Nathanaeli anampenda kama mwanawe ila kwa hili hamsikilizi.

Mwalimu, mimi nimezalisha wanawake wa mlima huu tangu nikiwa msichana. Wale wanaoondoka mikono mitupu nimewalaza popote palipopatikana, mara nyingine kwenye benchi langu. Nilidhani ndivyo ilivyo. Nilipomsikia mumeo anauliza lile swali, nikajua kuna mwanamke amemfundisha kuuliza.

Kamati inakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiweza, njoo. Utalala kwangu. Baridi ipo, njoo na sweta.

Wako,
Eliakunda


Juu ya Bombo, 4 Februari 2024

Salha, mke wangu,

Uliondoka na Lukasi kwa sababu ya shule, ukatuacha wote tumekaa kama tulionyeshewa. Sasa nikusimulie yaliyofuata, maana yamefuata mengi.

Ulipomaliza kueleza habari ya kitanda cha katikati na kushuka, wote walimgeukia mwenyekiti. Mzee Nathanaeli ndiye aliyeanza. Akasema, "Tumemsikia mwalimu, na tumpe pole. Lakini nyumba ya furaha..." Hakumaliza. Mama Agatha akasimama. Unajua hajawahi kusema katika mkutano, huwa anagawa uji na kukaa nyuma.

Akamgeukia mumewe, akasema, "Baba Rodrick, kabla ya Rodrick nilizika watatu. Uliwahi kuniuliza nililala wapi?"

Kisha akaendelea:

"Nililala jikoni kwa mama yako, na majirani wakija kuniona wanaambiwa nina homa. Sikutaka kuita mkosi. Huo mkosi nimeukalia kimya miaka yote, na haukwenda popote."

Mzee alikaa chini taratibu. Nikadhani amekasirika. Mkutano ukavunjika bila uamuzi, watu wakaondoka wawili wawili. Jumatatu alfajiri nilisikia baragumu, nikatoka, nikamkuta anayeipuliza ni Mzee Nathanaeli mwenyewe, pumzi zikimwishia, na Mama Agatha amesimama pembeni kamshikia koti.

Walikuja, Salha. Wanawake mbele, na safari hii mawe makubwa. Elinaza alinipita akasema, "Chora haraka, Injinia, usije ukatuchelewesha."

Mzee akashuka Same na wajumbe wawili kumwona Bwana Abdulmalik. Naambiwa mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Ukituletea injinia mwingine, umletee na mawe yake." Bwana Abdulmalik akaenda mwenyewe kwa mfadhili na michoro yangu. Jibu limekuja jana. Wameridhia, kwa sharti kwamba chumba kile kijengwe kwa nguvu za kijiji.

Nilipokuona unashuka kwenye basi na lile sweta kubwa, sikukusalimia vizuri. Nilikuwa nimesahau ulivyo mdogo ukisimama peke yako. Ulipoanza kusema mbele ya wale wazee nilishikilia ukingo wa benchi. Na ulipotaja jina la Shamsa mbele ya watu, ndipo nilipolia, na Mzee Nathanaeli akanipa leso yake. Sijairudisha bado.

Idrisa wako


Same, 11 Februari 2024

Idrisa,

Mrudishie mzee leso yake, tena uifue kwanza na uipige pasi.

Mimi njia nzima ya kushuka nilikuwa natetemeka, Lukasi akadhani ni baridi, akanipa koti lake. Nikifumba macho nawaona wale kina mama, nyuso zao. Nilipanda huko nikidhani naenda kukutetea wewe. Nimeshuka nimetua mzigo.

Jenga chumba. Dirisha liwe kubwa.

Salha


Juu ya Bombo, 5 Mei 2024

Salha wangu,

Masika imetukuta tumeshapaua, alhamdulillah. Tulipandisha kenchi siku ambayo jua lilitoka kidogo, wanaume wakivuta kamba na wanawake wakiwakosoa kutoka chini. Bati la mwisho lilipopigiliwa mvua ikaanza, na tuliokuwa ndani tukasikiliza mshindo wake juu ya vichwa vyetu bila kulowa hata tone. Watu walikaa tu humo, hakuna aliyetaka kutoka.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Milango imekuja mifupi, imerudishwa. Ukuta wa upande wa juu umepata unyevu na nimelazimika kuchimba mtaro mpya. Plasta ya chumba chako nimeirudia kwa sababu fundi aliipiga kwa haraka akitaka kwenda ubatizo. Dirisha ni kubwa. Mama Agatha amekataza mtu yeyote kukata migomba iliyo mbele yake.

Kazi itaisha kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Halafu Bwana Abdulmalik ananishusha Maore, kuna kivuko cha kujengwa. Ukipata likizo, panda uione wodi hata kama mimi nitakuwa nimeshuka. Nesi Eliakunda anakuulizia kila wiki.

Idrisa


Juu ya Bombo, 30 Juni 2024

Mume wangu Idrisa,

Assalamu alaikum. Leo mimi niko mlimani na wewe uko bondeni kwenye joto. Lukasi anasema tumemchanganya akili.

Nilikuja kushona mapazia nikasema nakaa siku chache tu, na sasa wiki zinaisha. Nesi Eliakunda amenizoea, na mimi nimezoea ukungu. Wodi inafanya kazi. Elinaza amejifungua wa kiume humo, amepita mlango wa migomba kwa miguu yake mwenyewe, na wa kilabuni hawakujua mpaka walipomsikia mtoto.

Juzi mchana walifika binti na mama mkwe wake kutoka kitongoji cha juu kabisa. Walikuwa wametembea. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Eliakunda alifanya yote yaliyowezekana, binti akapona, akalazwa kwenye chumba kile. Wa kwanza kukilalia.

Mkwe wake alitaka kumwondoa jioni ile ile, watu wasijue. Mama Agatha akaja na chungu cha uji, akakaa mlangoni, akamwambia, "Mama mwenzangu, hapa ni pake. Mwache apumzike." Wakabaki pale wawili wanazungumza Kipare kwa sauti ya chini, na baadaye nikamwona yule mkwe anafuta macho.

Mimi niliingia nikakaa kwenye kiti. Binti alikuwa anaangalia migomba. Kisha akaniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia, na mimi. Akaniuliza jina. Nikasema Shamsa. Akaniuliza, "Alikuwaje?"

Idrisa, tangu siku ile hakuna aliyeniuliza hivyo. Watu wananiambia Mungu atanipa mwingine. Na nilipofungua mdomo kumjibu nikatambua kwamba hata wewe hujui. Ulipofika alikuwa ameshavikwa sanda, ulimpokea amefunikwa, ukambeba hivyo hivyo hadi makaburini. Mimi ndiye niliyemwona peke yangu, kabla hawajamchukua, na nikamficha, nikidhani nikisema nitakuongezea uchungu.

Basi nakwambia sasa kama nilivyomwambia yule binti. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala vizuri kama zilizochanwa. Vidole virefu. Mdomo wa shangazi Mwanaidi, ule wa kununa. Na masikio yako, Idrisa, yale yale yaliyochomoza, mawili madogo kama vikombe. Nilipofika hapo binti akacheka katikati ya machozi, akashika mdomo kwa aibu. Nikamwambia cheka tu. Nami nikacheka. Nilicheka sana, mpaka Mama Agatha akachungulia mlangoni. Ni wa kwetu yule, tunaruhusiwa kumcheka masikio.

Mkeo,
Salha